Kuchagua Miti ya Kuponya Ardhi Iliyochimbwa



Katika nchi zetu za Afrika Mashariki yako mashamba mengi yaliyogeuka kuwa mashimo. Pwani watu wamekata mawe ya matumbawe ya kujengea na ya kuchomea chokaa. Katika nchi ya Lupa, huko Chunya, dhahabu imetafutwa tangu miaka ya 1920, na huko Kakamega tangu miaka ya 1930. Geita, Kahama na Migori wachimbaji wadogo wangali kazini hata leo. Tena karibu ya kila mji yako mashimo ya mchanga, ya udongo wa matofali, na ya kifusi cha barabara. Mchimbaji akiisha kupata alichokitaka huenda zake. Mwenye ardhi hubaki, na watoto wake hubaki.

Somo hili ni la huyo aliyebaki. Swali ambalo watu huliuliza kwanza ni hili: "Ni mti gani ukuao upesi mahali hapa?" Swali hilo si baya, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: "Ni mti gani utakaoacha udongo nyuma yake?" Maana iko miti ikuayo upesi, nayo ikiisha kukatwa ardhi hubaki vile vile ilivyokuwa, au huwa maskini zaidi, na iko miti ambayo kila mwaka huilipa ardhi kuliko ilivyokopa. Asiyeijua tofauti hiyo huweza kupoteza miaka kumi au ishirini, na miaka ni mbegu isiyopandwa mara ya pili.

1. Ardhi imepoteza nini?

Udongo wa juu, ule wenye rangi ya kiza, aghalabu hauzidi kina cha shibiri moja au mbili. Walakini humo ndimo kilimo chote kilimo. Mna majani yaliyooza, mna mizizi, minyoo, majongoo, mchwa, kuvu, na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mchimbaji huufukua udongo huo na kuufunika chini ya mawe, hata kilichokuwa chini kikawa juu, na kilichokuwa juu kikazikwa.

Yapasa tujue ya kuwa vyakula vingi vya mmea, kama vile chokaa, potasi na fosforasi, hutoka katika mawe yenyewe, kidogo kidogo, kadiri mawe yanavyolika kwa mvua na jua. Lakini nitrojeni, ambayo ndiyo huyapa majani ukijani na nguvu ya kukua, katika mawe mengi ni kama haimo. Imo hewani, nayo ni nyingi mno, ila mmea hauwezi kuichukua kutoka hewani peke yake. Hupewa na vijidudu viishivyo udongoni, na baadhi ya vijidudu hivyo hukaa katika vifundo vya mizizi ya miti fulani. Kwa hiyo ardhi iliyochimbwa ni kama nyumba yenye vyungu na mafiga, lakini haina moto. Miti ya kwanza kazi yake ni kuuleta huo moto.

Hasara ya pili ni maji. Udongo wenye majani yaliyooza hushika maji kama sifongo. Kokoto tupu huyaacha yapite mara moja, na kifusi kilichokanyagwa na magari huyazuia yasiingie kabisa. Katika hali zote mbili mche hufa kwa kiu, hata kama mvua imenyesha jana.

2. Iangalie ardhi kabla ya kuchagua mti

Mganga hatoi dawa kabla ya kumtazama mgonjwa. Fanya majaribio haya, nayo hayana gharama.

Kwanza, chimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, ulijaze maji, uondoke. Ukirudi kesho yake ukayakuta maji yangalipo, basi chini pameshindiliwa au pana udongo wa mfinyanzi, nawe huna budi kupavunja kwa sururu. Yakiisha mara tu unapoyamimina, ardhi ni ya mchanga au kokoto, nayo itahitaji samadi na matandazo mengi.

Pili, ponda jiwe dogo mpaka liwe unga, kisha uumwagie siki au maji ya ndimu. Unga ukitoa povu, jiwe hilo ni la chokaa. Miti ipendayo udongo wenye uchachu haitastawi hapo. Majani yake yatageuka manjano.

Tatu, tazama uso wa ardhi wakati wa kiangazi. Ukiona ganda jeupe, huenda ni chumvi. Tazama na maji yatokayo katika lundo la mawe ya mgodi. Yakiwa na rangi ya kutu, na kando yake hapaoti hata jani, yamkini mawe yale yana kiberiti ndani yake. Mawe ya namna hiyo yakikutana na hewa na maji hutoa uchachu mkali uunguzao mizizi. Ardhi kama hiyo haiwezi kupandwa mpaka itiwe chokaa, au ifunikwe kwa udongo safi.

Nne, tazama kilichokwisha kuota chenyewe. Magugu na vichaka ni mashahidi wasiopokea rushwa. Mti wa mahali pale uliojiotea juu ya lundo la mawe umekwisha kufaulu mtihani ambao mche wa kununua haujaufanya.

3. Onyo juu ya ardhi ya dhahabu

Hapa naomba usome polepole, maana jambo hili ni la uhai. Wachimbaji wadogo huikamata dhahabu kwa zebaki. Sehemu ya zebaki hupotea hewani ikichomwa, na sehemu hubaki katika marudio, yaani ule unga wa mawe uliokwisha oshwa. Mahali pengine marudio hayo huchenjuliwa tena kwa sianidi. Katika mawe ya dhahabu huenda mna pia aseniki na risasi. Zebaki iliyochanganyika na udongo haina harufu wala haionekani, na mboga iliyoota juu yake huweza kuwa nzuri ya kupendeza machoni.

Basi, mahali palipokuwa mwalo wa kuoshea dhahabu au lundo la marudio, usipande mboga, wala mihogo, wala miti ya matunda, wala majani ya kulishia ng'ombe, mpaka udongo upimwe. Katika Tanzania udongo hupimwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, na kituo cha utafiti wa udongo kipo Mlingano, Tanga. Katika Kenya maabara ya kilimo ya taifa ipo Kabete. Umweleze afisa kilimo waziwazi ya kuwa unataka kujua habari ya zebaki na aseniki, maana kipimo cha kawaida cha rutuba hakionyeshi sumu.

Yako maneno yasemwayo ya kwamba miti fulani hula zebaki na kuimaliza. Msomaji, usiyategemee maneno hayo. Zebaki haiozi kama jani; hukaa, au huhamia mahali pengine. Ifanyayo miti ni kuushika udongo kwa mizizi, vumbi lisiruke nyumbani na maji yasiusukume mtoni. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu katika matope ya maji yaliyotuama zebaki hugeuka kuwa sumu kali zaidi, ambayo huingia katika samaki, na kwa samaki ikaingia kwa watu. Na anayeumizwa kuliko wote ni mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Kwa hiyo mahali pa marudio, mti mwema ni ule ushikao ardhi, usioliwa na mtu wala mnyama.

4. Miti ya kutangulia na miti ya kufuata

Mkulima aliyezoea shamba jema hutaka apande mara moja mti autakao: mwembe, mvule, mkangazi, au mparachichi. Katika ardhi iliyochimbwa miti hiyo ni wageni waheshimiwa, nao hawaalikwi katika nyumba isiyo na paa. Kwanza huja miti ya kutangulia. Sifa zake ni nne: huvumilia jua kali na udongo mbaya, hukua upesi, hudondosha majani mengi, na, ikiwezekana, mizizi yake ina vifundo vya kutia nitrojeni.

Hapa watu wengi hudanganyika. Husikia ya kuwa miti yenye maganda kama ya kunde hutia rutuba, nao hudhani kila mti wenye maganda ni hivyo. Mjohoro una maganda, lakini mizizi yake haina vifundo. Mkwaju vile vile. Mjohoro ni mwema kwa kuni na kivuli, na majani yake yakioza hufaa, lakini hauleti nitrojeni mpya kutoka hewani. Tena mvinje hauna maganda ya kunde hata kidogo, nao unavyo vifundo, vinavyokaliwa na kijidudu kiitwacho Frankia.

Usikubali maneno matupu; fukua utazame. Mche wa jamii ya mikunde ukiisha kuwa na miezi michache, fukua kizizi chembamba kwa uangalifu. Ukikuta vifundo, pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijivu, hakifanyi. Vifundo vya mvinje ni vigumu kama mti, navyo hukaa kwa vishada.

Katika ardhi iliyochimbwa vijidudu hivyo mara nyingi havimo kabisa. Kwa hiyo, unapotayarisha udongo wa kitalu, changanya viganja kadhaa vya udongo uliouchota chini ya mti mkubwa wenye afya wa aina ile ile. Tena vifundo huhitaji fosforasi. Samadi husaidia, na katika udongo wenye uchachu mbolea ya mawe ya Minjingu yafaa sana, lakini katika mawe ya chokaa nguvu yake ni ndogo.

5. Mfano wa Bamburi

Kaskazini ya Mombasa, huko Bamburi, kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, kikichimba mawe ya matumbawe. Machimbo yaliyobaki yalikuwa kama sakafu ya mawe meupe, chini kabisa, karibu na maji ya chumvi, pasipo udongo wala kivuli. Mwaka 1971 Bwana René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Iliyostahimili vizuri ilikuwa mitatu tu: mvinje, mnazi, na mti wa nchi ya Wasomali uitwao damasi. Katika hiyo mitatu, mvinje ndio ulioibeba kazi.

Mvinje ulikua katika mawe matupu, ukijipatia nitrojeni yake hewani. Lakini ulizuka mkwamo. Majani yake membamba kama sindano yalianguka yakajilundika, wala hayakuoza, kwa kuwa ni magumu na yana dawa ile ya kuchubulia ngozi, ambayo vijidudu havikuweza kuivunja. Majani yasiyooza si udongo. Ni takataka zilizokauka. Ndipo ilipoonekana ya kuwa jongoo mwenye miguu myekundu, ambaye watoto wa pwani wote wanamjua, huyala majani hayo. Majongoo wakaletwa kwa mamia. Walikula majani, na mavi yao yakawa chakula cha vijidudu, na baada ya miaka kukapatikana udongo mweusi juu ya mawe. Katika udongo huo ikapandwa miti mingine ya namna nyingi, na ndege na wanyama wakaja. Mahali hapo leo panaitwa Haller Park, na watu huenda kupatembelea.

Tujifunze mambo matatu. La kwanza: katika aina 26 zilifaulu 3, basi nawe usinunue miche elfu ya aina moja kwa sababu jirani kaisifu. Panda miche kumi kumi ya aina tano au sita, uitazame masika moja na kiangazi kimoja, kisha uchague. La pili: mti peke yake haufanyi udongo, mti pamoja na walao majani yake ndio hufanya udongo. La tatu: mvinje haukuwa mwisho wa kazi. Ulikuwa mlango.

6. Onyo la mathenge

Haya ndiyo mema ya Bamburi. Sasa sikia na upande wa pili. Mwaka 1973 mbegu za mti wa ng'ambo uitwao Prosopis juliflora zililetwa kutoka Brazili na Hawaii ili kupandwa katika machimbo karibu na Mombasa. Mti huo una sifa zote nne nilizozitaja: huvumilia chumvi na ukame, hukua upesi, na hutia nitrojeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mti wa jamii hiyo ulipandwa pia Baringo, ili watu wapate kuni na ardhi isiwe jangwa. Huko watu waliuita mathenge.

Mifugo ilikula maganda yake matamu, ikazitawanya mbegu katika samadi, na mafuriko yakazichukua mbali. Mathenge ikafunga njia, ikameza malisho, na miiba yake ikachoma miguu ya watu na mifugo. Mbuzi waliozoea kula maganda hayo waliharibika meno. Mwaka 2006 wananchi wa Baringo walikwenda mahakamani kulalamika juu ya mti huo, ambao uliletwa uwe msaada.

Basi ongeza sifa ya tano, nayo ni kubwa kuliko zile nne: mti wa kutangulia uwe ule unaokubali kuondoka. Jiulize: mbegu zake huchukuliwa na nini? Ukikatwa, huchipua kila upande? Jirani ambaye hakuulizwa atauona shambani mwake? Ardhi iliyochimbwa mara nyingi iko karibu na mto au malisho ya watu wote; kwa hiyo kuchagua mti si shauri la mtu mmoja.

7. Miti ya kila namna ya ardhi

Mawe ya chokaa na matumbawe. Tanguliza mvinje. Penye udongo kidogo, mlusina hustawi, kwa maana hupenda chokaa; lakini ukate kabla maganda hayajakomaa, usije ukaenea kama gugu. Mwarobaini huvumilia mawe na ukame, ingawa hauleti nitrojeni, nao pia hujiotea ovyo pwani ukiachwa. Baada yake fuatisha mkwaju, na minazi penye maji karibu.

Mashimo ya mchanga. Mvinje wafaa hapa pia, hasa pwani. Mkorosho huvumilia mchanga, lakini upe samadi shimoni na uupande nyuma ya mstari wa mvinje uzuiao upepo.

Mashimo ya kifusi na udongo mgumu. Vunja kwanza kwa sururu. Panda migunga ya mahali penu penye ukame, na giliricidia penye mvua ya kutosha. Mgunga ule uachao majani yake wakati wa mvua na kuyavaa wakati wa kiangazi, ambao wataalamu huuita Faidherbia albida, ni rafiki mkubwa wa mahindi. Lakini mzizi wake hutafuta maji chini sana, basi usiupande juu ya mwamba.

Mashimo ya matofali katika nchi za mvua, kama Kakamega na Siaya. Chini panapotuama maji panda msesbania, ambao huvumilia maji na hukua upesi, ingawa maisha yake ni mafupi. Ukingoni pasipotuama maji panda kaliandra, ambayo huvumilia udongo wenye uchachu. Baadaye fuatisha ule mti ambao Waluhya huuita lusiola na Waluo huuita siala, wenye nguzo na mbao nzuri.

Ardhi ya dhahabu. Kwanza duara zote zifukiwe au zizungushiwe ua wa miiba, kwa kuwa shimo lililofichwa na majani ni mtego wa mtoto na ng'ombe. Funika marudio kwa udongo safi kadiri uwezavyo, upande nyasi za kushika udongo, kisha migunga ya mahali na miti ya nguzo. Majani yake wasipewe mifugo.

Katika nchi kama Geita na Kahama, kabla ya kununua mche hata mmoja, tafuta visiki. Kando ya machimbo mara nyingi mizizi ya miti ya zamani ingali hai, na machipukizi huliwa na mbuzi kila mwaka. Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka katika kila kisiki, uyakate mengine, na uwazuie mbuzi. Wasukuma wanajua jambo hili tangu zamani kwa ngitili zao, yaani malisho yaliyofungwa kwa majira. Na tangu mwaka 1986, katika kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, ngitili zilirudisha miti katika sehemu nyingi zilizokuwa tupu. Mti uotao juu ya mzizi wa zamani hauhitaji kumwagiwa maji.

8. Habari ya mikaratusi

Wengi watasema: "Mwalimu, mkaratusi ukua upesi na nguzo zake zina soko." Ni kweli, wala sikatazi. Mahali palipo na sumu, pasipoweza kulimwa chakula, shamba la nguzo huweza kuwa matumizi mema kuliko shimo tupu. Lakini mkaratusi hauna vifundo, hunywa maji mengi, na chini yake mimea mingine huota kwa shida. Ukiupanda, uwe mbali na chemchemi na mto, na ujue waziwazi ya kuwa unavuna nguzo, huponyi udongo. Asiyetofautisha mambo haya mawili atamwachia mwanawe visiki juu ya mawe.

9. Kupanda na kutunza

Chimba mashimo wakati wa kiangazi, upana na kina kama sentimita 60. Katika mwamba pasua mfuko mdogo kwa sururu. Jaza udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza. Udongo wa debe moja mahali pa mche ni bora kuliko debe kumi zilizotawanywa. Usipande kwa mvua ya kwanza. Ngoja mpaka unyevu umeshuka chini.

Kwa miti ya kutangulia acha mita 2 kwa 2, maana kusudi ni kuifunika ardhi upesi. Eka moja itachukua miche kama 1,000. Kwa mita 3 kwa 3, eka itachukua miche kama 450. Kama miche yako ni michache, usiitawanye eka nzima; anza na robo eka uifunike vizuri. Zungushia ua, kwa kuwa mbuzi mmoja kwa asubuhi moja huweza kuimaliza kazi ya masika.

Miche ya asili pata mbegu zake kwa wanaojua chimbuko lake: katika Tanzania kwa Wakala wa Huduma za Misitu, na katika Kenya kwa taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, huko Muguga.

Miti ikiisha kufunikana, sheria ni moja: usichome majani wala usiyafagie. Nitrojeni iliyotoka hewani imo ndani ya majani hayo. Ukiyachoma, unairudisha hewani. Ukipunguza miti, chukua magogo, uache matawi madogo na majani chini. Ukiona majongoo, minyoo na mchwa, usiwaue. Hao ndio vibarua wako wasiodai mshahara.

Kila mwaka, kabla ya mvua, funua majani kwa mkono mahali patano. Ukikuta chini yake majani makavu tu, ngoja. Ukikuta udongo mweusi uvunjikao kwa vidole, kina cha upana wa kidole au zaidi, na magugu yenye majani mapana yameanza kuota kivulini, saa imefika ya miti ya kufuata. Fungua nafasi kwa kuikata baadhi ya miti ya kwanza, upande humo mti wa mbao au wa matunda, mradi ardhi haina sumu.

10. Mambo ya kukumbuka

Pima kabla ya kupanda, na penye dhahabu pima sumu kabla ya chakula. Jaribu aina nyingi kwa uchache. Tafuta vifundo kwa macho yako mwenyewe. Epuka mti usiokubali kuondoka. Anza na kipande kidogo, na usichome majani.

Kazi hii haina mavuno ya mwaka mmoja. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba shimo la kwanza, keti na watu wa nyumba yako, wazee kwa vijana, mkubaliane ya kuwa kipande hiki hakitalishiwa, hakitachomwa, wala hakitakatwa mpaka kitimize kazi yake. Mti mwema katika nyumba isiyopatana hufa kama mti mbaya. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Katika ardhi iliyochimbwa, yamkini atakayechuma juani ni wewe, na watakaokula kivulini ni wanao. Nawe ukiwachagulia mti ufaao, watakula juu ya udongo, wala si juu ya mawe.